Ng'ombe wa Nyabwire na Ugonjwa Wangu wa Kubeti

Siku ile katika boma la Mzee Machumu, Nyamuswa, walikuwepo hawa: Mzee Machumu mwenyewe, aliyekuwa anatutunzia ng'ombe, shangazi yetu Nyakwesi, dada wa marehemu baba, mdogo wangu Nyabwire, aliyetoka kwa mume wake Butiama, mdogo wangu Masatu, ambaye ndiye alikuwa anataka kuoa, mdogo wetu wa mwisho, Neema, na mimi Magesa, mkubwa wao. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja aliona kwa macho yake. Nikikosea kusimulia, mtu anaweza kuwauliza. Ng'ombe nao walikuwepo. Walikuwa wawili, na walitakiwa wawe kumi.

Nitaeleza jinsi wale wengine walivyoondoka, na jinsi nilivyougua mpaka nikapona kiasi hiki ninachoweza kuandika.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kuaminiwa. Baba alifariki nikiwa kidato cha kwanza, mama akamfuata mwaka uliofuata. Ndugu walikaa kikao wakataka kutugawa: Nyabwire aende huku, Masatu kule, Neema abebwe na shangazi. Nilikataa. Niliacha shule, nikawabakiza wadogo zangu watatu katika nyumba ya vyumba viwili aliyotuachia baba pale Nyasho, Musoma mjini. Nikaenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, nikaanza kwa kubeba magunia ya watu. Baadaye nikawa nanunua dagaa wangu, naanika, napeleka sokoni Bunda. Wanawake wa sokoni walikuwa wananikopesha nafasi ya meza bila maswali. "Huyu amelea watu," walikuwa wanasema.

Nyabwire alipoolewa Butiama, ng'ombe kumi waliletwa. Kwetu ng'ombe wa dada hawaliwi. Wanamuolea ndugu yake wa kiume, na yule dada anakuwa na heshima yake katika nyumba hiyo maisha yote. Akifika anapikiwa kwanza, akisema anasikilizwa. Mimi nilikwisha kumuoa Rhoda kwa ng'ombe walioachwa na baba, kwa hiyo hawa kumi walikuwa wa Masatu. Nyasho hakuna mahali pa kufugia. Tukawapeleka Nyamuswa kwa Mzee Machumu, rafiki wa baba, tukakubaliana kwamba maziwa na ndama wa mwanzo ni vyake kwa kazi ya kuwatunza. Ng'ombe hakuweza kutoka pale mpaka mimi niseme. Mimi ndiye nilikuwa baba.

Sasa, wasioijua kazi ya dagaa niwaeleze. Dagaa wanavuliwa wakati wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwaiti tena, mitumbwi inapumzika, na sisi wachuuzi tunakaa bila kazi. Ugonjwa wangu ulianzia katika siku hizo za mwezi. Mchuuzi mwenzangu mmoja, Maregesi, aliniambia, "Magesa, we unakaaga tu kama jiwe. Njoo usuke mkeka." Mkeka ni ile tiketi ya kubeti. Unapanga mechi kadhaa pamoja, zote zikienda ulivyosema unalipwa, moja ikikuangusha mkeka umechanika.

Nikasuka. Ule wa pili uliingia. Nilinunua gunia la mchele na viatu vya shule vya Neema, nikabakiwa na chenji. Rhoda alicheza jikoni na mwiko mkononi. Tangu hapo nilikuwa nautafuta mchezo ule wa jikoni, na sikuupata tena.

Mwili ulijua kabla yangu. Viganja vilianza kutoa jasho nikishika simu. Mechi ikifika dakika za mwisho tumbo lilikuwa linakata, nakimbilia choo, na simu ninayo humo humo chooni. Usingizi ulipotea. Mkanda wa suruali niliutoboa matundu mapya mara kadhaa. Kifua kilikuwa kinawaka nikila ugali wa mtama, nikila wali, nikinywa hata maji. Unyumba nilishindwa, na nilimwambia Rhoda ni uchovu wa magunia. Rhoda aliniangalia nilivyokonda akaogopa ugonjwa mwingine. Akaniomba twende tukapime. Tukapima, tukaambiwa tuko wazima. Alilia kwa furaha pale pale kwenye benchi. Mimi nilikuwa naangalia matokeo ya mechi.

Kuna jambo ambalo mtu asiyeugua hulielewa kwa shida. Watu wanadhani nilikuwa natafuta pesa. Mwanzoni ndiyo. Lakini siku moja niliwahi kushinda pesa za kununulia ng'ombe wawili wazima, na kabla jua halijazama zilikuwa zimerudi zilikotoka. Sikujisikia vibaya sana. Kilichonisumbua ni kwamba hapakuwa na mechi nyingine usiku ule. Hapo ndipo nilipotakiwa kujua kwamba naumwa. Sikujua.

Mtaji wa dagaa ulipoisha nilimkumbuka Mzee Machumu. Nilifika Nyamuswa nikamwambia Neema ameumwa tumbo, anatakiwa kupasuliwa Mwanza. Mzee alifungua zizi mwenyewe na kuniombea safari njema. Nilimuuza yule ng'ombe mnadani nikiwa na nia ya kumrudisha mwezi ule ule. Nilirudi tena nikasema tumbo limeoza ndani. Mara ya tatu nikasema kidonda hakikauki. Baadaye nikataja ada, kisha bati la nyumba, kisha nikawa sisemi kitu, nashika tu kamba. Mzee hakuniuliza. Mkubwa wa nyumba haulizwi.

Masatu alipopata mchumba, binti wa Bunda, wakwe wakataja siku ya kuja kuangalia ng'ombe. Masatu alifurahi mpaka akawa anapiga mluzi bafuni. Alisema kwanza twende wenyewe Nyamuswa tukawaone, tuchague wa kuonyesha. Mimi niliitikia. Asubuhi ya safari niliuza redio ya Rhoda nikasuka mkeka wa mwisho, mkubwa kuliko yote, nikijiambia kwamba ukiingia nitanunua ng'ombe kabla mtu hajawahesabu. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa. Niliiona kama mpango.

Mzee Machumu alitupokea vizuri, tukaletewa viti. Kisha akamtazama Neema.

"Huyu ndiye Neema? Mwanangu, lile tumbo lilipona?"

"Tumbo gani, babu?"

"Si lile ulilopasuliwa Mwanza. Watatu waliondoka hapa kwa ajili ya tumbo lako."

Neema alicheka. "Babu, tumbo langu halijawahi kuguswa hata na pini."

Hakuna mwingine aliyecheka. Masatu alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa zizi, anaangalia ndani. Akageuka. "Kaka, wengine wako wapi? Wamepelekwa malishoni?"

Nikasema, "Wengine walikufa."

Mzee Machumu alikuwa mpole mpaka hapo. Akasema, "Magesa. Ng'ombe wa mtu akifa kwangu, mwenyewe anaonyeshwa ngozi. Ndivyo nilivyokuwaga na baba yako, na hakuna mtu Nyamuswa nzima anayenidai ngozi." Akaingia ghalani, akatoka na ngozi moja iliyokauka, akaiweka miguuni pa shangazi. "Aliyekufa ni huyu mmoja. Wengine sina ngozi zao. Waliondoka kwa miguu yao, na kamba aliishika huyu."

Wote wakaniangalia. Na wakati ule ule simu ikatetemeka mfukoni. Mungu anisamehe, niliitoa nikaangalia. Timu ya kwanza kwenye mkeka ilikuwa imefungwa.

Masatu aliiona sura yangu, akanyang'anya simu, akasoma. Hakunipiga. Shangazi alishika kichwa akawa anamwita baba kwa jina. Nyabwire ndiye aliyesema, taratibu sana, kama mtu anayeuliza njia.

"Kwa hiyo umenibeti mimi."

"Nyabwire, sikiliza—"

"Nilikwenda nyumba ya watu nikiwa mdogo, kaka. Nililia, ukaniambia nenda, ng'ombe zako zitasimamisha nyumba ya baba. Nikaenda. Kumbe nilikuwa mpira."

Nilitapika pale pale bomani. Mbwa wa mzee akaja. Hiyo ndiyo heshima niliyobaki nayo.

Nilirudi Nyasho nikalala. Sikuoga, sikula, mikono ilitetemeka kama ya mlevi aliyekosa pombe. Nilikuwa nasikia simu ikitetemeka na simu alikuwa nayo Masatu. Nikawaza mabaya juu ya uhai wangu, na nayasema hapa ili mwenye mawazo hayo ajue hayuko peke yake, amwambie mtu leo. Mimi nilimwambia Rhoda. Rhoda alikaa mlangoni na kitenge mabegani, akasema, "Humu ndani hutoki bila mimi," akampigia Neema.

Neema alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Alifika, akanishika mkono akahesabu mapigo, akasema, "Kaka anaumwa."

Masatu alikuwa amesimama uani. "Anaumwa nini? Kuiba nako siku hizi ni ugonjwa?"

"Twende hospitali ukasikie mwenyewe."

"Nitakuja. Nataka nimsikie huyo daktari atakayeniambia hivyo usoni."

Ndivyo tulivyokwenda, Neema, Masatu na mimi. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliniuliza kama niliwahi kujaribu kuacha. Nikasema mara nyingi, naacha mwezi ukiwa mdogo, narudi mwezi ukikua. Akataka kujua mwezi unahusika vipi, nikamweleza habari ya dagaa. Akaandika. Aliniuliza kama nilikuwa naongeza kiasi ili nipate ile raha ya mwanzo, kama nilidanganya, kama nilikuwa nakasirika nikikosa. Yote nilijibu ndiyo. Akasema ni ugonjwa, unajulikana, na unatibika.

Masatu akainua mkono kama yuko darasani. "Daktari, samahani. Mimi niliuguaga malaria mpaka nikapoteza fahamu. Sikuuza ng'ombe wa mtu."

Daktari alicheka kidogo. "Ni kweli. Hebu niambie, kaka yako alikuwaje zamani, kabla ya haya?"

Masatu akashusha mkono. "Alikuwaga anatupa sisi nyama," akasema, "yeye anakunywa mchuzi. Anasema ameshiba."

"Basi mtu huyo bado yupo. Hakuchagua kuugua. Alichagua mkeka wa kwanza, kama wengi wanavyochagua, na wengi wanacheza wanaacha. Yeye akili yake ilinaswa. Lakini kutibiwa, hilo atalichagua yeye, kila siku. Na ng'ombe wako, mdai."

"Nimdai? Si umesema ni mgonjwa?"

"Mdai. Ukimsamehe wote leo, utakuwa umemwambia kwamba hana la kufanya. Na yeye anataka la kufanya."

Nilipewa dawa za usingizi na za kifua kwa muda mfupi, na siku za kurudi kuongea. Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia, magumu kuyaishi. Sikutakiwa kuwa na simu yangu. Mauzo ya dagaa yangeingia kwenye simu ya Rhoda. Nisipite mtaa wenye kibanda cha kubeti, hata kama ndio njia fupi. Na nikae na watu wenye shida kama yangu. Wa kubeti hawakuwepo, lakini Neema alisikia habari za kikundi cha walioacha pombe, kinachokutana Nyegina baada ya misa.

Nilipofika mara ya kwanza mzee mmoja aliniuliza, "Wewe ulikuwa unakunywa nini? Gongo?"

"Sinywi, mzee."

"Hunywi! Sasa umekuja kutuangalia?"

Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia jirani yake akasema, "Huyu ndiye mlevi kabisa. Sisi chupa ilikuwaga inaisha." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Nyamuswa. Wakanipa kiti. Ninacho mpaka leo.

Kwa Nyabwire nilikwenda na shangazi. Nilipiga magoti uani kwake Butiama, mbele ya mume wake. Shemeji aliona aibu kuliko mimi, akawa anasema, "Inuka kaka, inuka bwana." Nyabwire hakusema inuka. Alimaliza kupepeta mahindi, ndipo akasema, "Neema ameniambia unaugua mwezi ukiwa mkubwa. Basi mwezi ukianza kukua, unakuja hapa. Shamba langu la mihogo lina majani. Utalima mpaka giza lirudi ziwani."

Hakuna daktari aliyeandika dawa hiyo, na ndiyo iliyonishika zaidi ya zote. Kila mwezi ukikua nilipanda gari kwenda Butiama na jembe langu. Mwanzoni nililima huku mikono inatafuta simu kiunoni. Nilikuwa na hasira, natukana magugu. Nyabwire alikuwa analima mstari wa pili bila kuniongelesha. Siku za baadaye akaanza kunisimulia mambo ya mama ambayo nilikuwa nimeyasahau, jinsi alivyokuwa anaimba akiwa anakuna nazi aliyoletewa na mgeni, hajui hata inaliwaje. Nikaanza kulala usingizi. Mkanda ukarudi kwenye tundu lake la zamani.

Sitaki kudanganya kwamba nilipona moja kwa moja. Siku moja Bunda mteja alinilipa taslimu, Rhoda hakuwepo, na miguu ikanipeleka kibandani yenyewe. Nilipoteza zote. Nilitoka nikatembea mpaka kwa wakwe watarajiwa wa Masatu, ambao bado walikuwa wanangoja kuonyeshwa ng'ombe, kwa kuwa kurudi kwa wanawake wa sokoni niliona aibu, nikawaambia nilichofanya. Baba mkwe, mtu mkali, aliniangalia akasema, "Umekuja kwangu mimi? Kuniambia mimi?" Nikasema ndiyo, ili usije ukaambiwa na mwingine. Alinipa nauli ya kurudi Musoma, akaikabidhi kwa kondakta, hakuniwekea mkononi. Nilishukuru kwa hilo.

Sijui kama siku ile ndiyo iliyomlainisha. Nilichoambiwa na shangazi ni kwamba alikubali kupokea wale wawili waliobaki, wengine waje taratibu, akisema kwamba nyumba inayokiri kwake mambo kama hayo haitamficha mengine. Masatu akaoa. Siku ya harusi nilibeba maji na kuni. Kwenye kiti cha mkubwa wa nyumba alikaa shangazi. Nyabwire alipikiwa kwanza, kama inavyotakiwa, ingawa ng'ombe wake wengi walikuwa wamekwenda bure. Masatu mwenyewe ndiye aliyempelekea sahani.

Watu wananiuliza, hasa vijana wa mwaloni: kaka Magesa, kubeti ni ugonjwa au ni tabia tu ya mtu? Najibu kwa nilivyoishi. Nikisema ni tabia tu, nitajidharau, na aliyejidharau anarudi kibandani kwa sababu hana cha kulinda. Nikisema ni ugonjwa tu, nitamnyima mdogo wangu haki ya kunidai, na dada yangu haki ya kukasirika. Niliugua, na nilikosa. Hospitali ilinisaidia kwa la kwanza. Kwa la pili nina jembe, dagaa na miaka.

Wewe unayesoma, ukiona mtu wako anakonda na simu haimtoki mkononi, usimcheke, na usimpe pesa. Mshike umpeleke kwa daktari. Ukiwa ni wewe mwenyewe, mwambie mtu mmoja kabla hujauza kitu cha mwingine. Usingoje mkeka wa kukurudisha ulikotoka. Mimi niliungoja miaka, na kila ulipoingia ulinipeleka mbali zaidi. Namshukuru Mungu. Namshukuru Rhoda aliyekaa mlangoni, Neema niliyemuuguza kwa uongo naye akaniuguza kwa kweli, daktari yule, wazee wa Nyegina, na Mzee Machumu, ambaye bado ananifungulia zizi, ila kamba hanipi.

Utaratibu wetu uko hivi. Faida ya dagaa inakaa kwa Rhoda. Ikitosha, tunakwenda mnadani Masatu na mimi, mimi nachagua, Rhoda analipa, Masatu anashika kamba anampeleka ng'ombe kwa wakwe. Mimi natembea nyuma na fimbo. Niliouza walikuwa saba. Nimerudisha watatu. Wa tatu alikuwa mtamba mwekundu, na Masatu alipomshika kamba alisema, "Huyu mzuri." Ni neno la kwanza zuri aliloniambia tangu Nyamuswa, japo alikuwa anamwambia ng'ombe.

Kila mwezi unapoanza kukua anapiga simu ya Rhoda, anaomba aongee na mimi.

"Kaka, bado wangapi?"

Anajua. Anauliza ili niseme.

"Bado wanne, Masatu."

"Haya. Dada amesema shamba la mihogo limeota majani. Uondoke kesho asubuhi."

Naondoka. Bado wanne.